Wakimbizi wa Kipalestina Nchini Lebanon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Lebanon inapotajwa katika taarifa ya habari, maswali hurudi yale yale. Watu waliokimbia mwaka 1948 wanafanya nini kambini hadi leo? Kwa nini hawapewi uraia? Kwani hawafanyi kazi? Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa zaidi. Kila jibu linajitosheleza, kwa hiyo unaweza kuanzia popote. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, nimekuelekeza kwa namba ya swali.

## Mwanzo wa mambo

1. Watu hawa ni akina nani, na walifikaje Lebanon?

Ni Wapalestina ambao wengi wao asili yao ni Galilaya na miji ya kaskazini kama Akka, Haifa na Safad. Katika vita vya 1948, vilivyoandamana na kuundwa kwa dola ya Israeli, Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, na wapatao 100,000 kati yao wakaingia Lebanon, wengine kwa miguu na wengine kwa mashua. Wenyewe huyaita matukio hayo Nakba, yaani maafa.

Wengi waliondoka wakiamini watarudi baada ya wiki mbili tatu. Walifunga milango wakatia funguo mfukoni. Funguo hizo bado zinatunzwa na wajukuu, na ndiyo maana utaona ufunguo umechorwa kwenye kuta za kila kambi. Tarehe 11 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 194, linalosema wakimbizi wanaotaka kurudi na kuishi kwa amani na jirani zao waruhusiwe kurudi mapema iwezekanavyo, na wasiotaka walipwe fidia. Israeli haijakubali warudi.

2. Wako wangapi hasa? Mbona kila mtu anataja idadi yake?

Kwa sababu kuna hesabu mbili zinazopima vitu viwili. Daftari la UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi wa Kipalestina (swali la 4), lina majina karibu 490,000, lakini mtu akihamia Ujerumani au Denmark jina lake halifutwi. Sensa iliyofanywa mwaka 2017 na idara za takwimu za Lebanon na Palestina iliwakuta watu 174,422 wanaoishi nchini kweli, katika kambi 12 na makazi mengine 156 yasiyo rasmi. Chini kidogo ya nusu yao walikuwa ndani ya kambi.

Idadi hizi zina siasa ndani yake. Anayetaka kuwatisha Walebanon hutaja ile kubwa.

3. Je, bado wanaishi kwenye mahema?

Hapana. Mahema yaliondoka miongo mingi iliyopita. Yakafuata mabanda ya bati, halafu nyumba za matofali ya saruji zilizopandishwa ghorofa juu ya ghorofa. Ukifika Shatila au Burj al-Barajneh mjini Beirut utaona mtaa uliobanana kuliko mitaa yote uliyowahi kuiona, wenye vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega. Kambi kubwa kuliko zote ni Ain al-Hilweh, pembeni mwa mji wa Saida. Ndogo kabisa ni Mar Elias, hapo hapo Beirut.

Kambi zilikuwa zaidi ya 12. Ile ya Nabatieh ilibomolewa kwa mabomu ya Israeli miaka ya 1970. Tal al-Zaatar na Jisr al-Basha ziliangamizwa na wanamgambo mwaka 1976, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanon.

4. UNRWA ni nini, na kwa nini si UNHCR kama ilivyo kwetu?

Msomaji wa Kigoma au Turkana amezoea kuona nembo ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa kila taifa. Wapalestina wana shirika lao, UNRWA, lililoundwa kwa azimio namba 302 la Desemba 1949 na kuanza kazi tarehe 1 Mei 1950, kabla UNHCR haijazaliwa. Linahudumia Lebanon, Syria, Jordan, Ukingo wa Magharibi na Gaza. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ulipoandikwa, uliwaacha nje watu wanaosaidiwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa, na Lebanon yenyewe haikuuridhia mkataba huo.

Matokeo yake ni kwamba UNRWA inasomesha, inatibu na kusaidia maskini, lakini haiwahamishii watu nchi ya tatu. Na haitawali kambi. Kuhusu nani anazitawala, tazama swali la 13.

5. Aliyezaliwa Beirut mwaka 2005 anakuwaje mkimbizi?

Anakuwa mkimbizi kwa sababu hana nchi nyingine inayomtambua kama raia wake. UNRWA humwandikisha mtu aliyekuwa akiishi Palestina kati ya Juni 1946 na Mei 1948 akapoteza nyumba na riziki yake, pamoja na vizazi vya upande wa wanaume. Wengine hudai huu ni upendeleo wa Wapalestina peke yao, lakini mtoto wa Kisomali aliyezaliwa Dadaab naye huandikishwa mkimbizi. Kijana huyo wa Beirut huenda asiwahi kuona mahali pengine maishani mwake. Kinachomfanya mkimbizi ni karatasi aliyozaliwa nayo.

## Sheria: kufuli lenyewe liko hapa

6. Kwa nini Lebanon haiwapi uraia?

Lebanon imegawana madaraka kwa madhehebu: rais Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Msunni, spika wa bunge Mshia. Wapalestina walio wengi ni Wasunni. Kuwapa uraia kwa wingi kungetikisa mizani ambayo watu wameimwagia damu kwa miaka 15, tangu 1975 hadi 1990. Dibaji ya katiba, baada ya Mapatano ya Taif ya 1989, inakataza waziwazi kile kinachoitwa kwa Kiarabu *tawtin*, yaani kuwapa wakimbizi makazi ya kudumu nchini.

Milango iliwahi kufunguliwa kwa baadhi. Katika miaka ya 1950 na 1960 familia nyingi za Wapalestina Wakristo na zile zenye uwezo zilipata uraia, na amri ya mwaka 1994 ikawapa watu wa vijiji saba vya Washia vilivyokuwa mpakani.

Wapalestina wengi nao hawadai uraia wa Lebanon. Wanadai mambo mawili, kurudi kwao, na kuishi kama binadamu hadi siku hiyo ifike. Ni dai la pili ambalo limebanwa bila sababu ya maana, na maswali yanayofuata yanaonyesha jinsi gani.

7. Wanaruhusiwa kufanya kazi?

Wanaruhusiwa, kwa masharti yanayoifanya ruhusa yenyewe iwe nyembamba mno.

Anza na taaluma. Zipo zipatazo 39 ambazo Mpalestina hawezi kuzifanya kihalali, zikiwemo udaktari, uanasheria, uhandisi na ufamasia. Chama cha kila taaluma kinadai mwanachama awe Mlebanon, au nchi yake iwe inawapa Walebanon haki hiyo hiyo. Sharti hili la kutendeana sawa linaonekana la haki mpaka umuulize Mpalestina asiye na dola: ni serikali gani itakayorudisha hisani kwa niaba yake? Ndiyo maana unamkuta mhandisi mwenye shahada anapaka rangi nyumba, au analipwa nusu ya mshahara ili michoro yake isainiwe na mwingine. Daktari wa Kipalestina anaweza kutibu ndani ya kliniki za UNRWA na hospitali za Hilali Nyekundu ya Palestina. Akitoka nje ya lango, sheria haimjui.

Kuhusu kazi za kawaida, mwaka 2005 waziri wa kazi aliwafungulia kazi nyingi za mikono na za ofisini. Mwaka 2010 bunge lilipitisha sheria namba 128 na 129: ada ya kibali cha kazi ikafutwa, na mfanyakazi akaruhusiwa kupata kiinua mgongo. Lakini kibali chenyewe bado kinatakiwa, na ni mwajiri anayepaswa kukihangaikia. Waajiri wengi hawataki, maana kibali kinaleta michango ya hifadhi ya jamii. Mpalestina mwenye kibali huchangiwa katika mfuko huo huo wa Walebanon, ila akiugua au mkewe akijifungua hapati kitu. Anachangia bima asiyoruhusiwa kuitumia.

Kwa hiyo walio wengi wanafanya vibarua: ujenzi, useremala, mashamba ya machungwa na ndizi karibu na Tyre, usafi, uchuuzi. Julai 2019 wizara ya kazi ilipoanza msako wa wageni wasio na vibali, Wapalestina nao wakajumuishwa, na kambi zikaandamana kwa wiki kadhaa.

8. Wanaweza kununua nyumba au kurithi?

Hapana. Sheria namba 296 ya mwaka 2001 inamzuia mtu yeyote asiye na uraia wa dola inayotambuliwa na Lebanon kusajili mali isiyohamishika. Haikuwataja Wapalestina kwa jina, lakini hakuna asiyejua iliandikwa kwa ajili yao.

Linalouma zaidi ni mirathi. Baba aliyenunua nyumba kabla ya 2001, akailipia mpaka shilingi ya mwisho, akifa wanawe hawawezi kuiandikisha kwa majina yao. Wengine huiandika kwa jina la jamaa au rafiki Mlebanon, wakabaki wanamwomba Mungu huyo mtu na warithi wake waendelee kuwa waaminifu. Ndani ya kambi watu huuziana vyumba kwa hati za kamati ya kambi, lakini ardhi yenyewe ni ya kukodishwa.

9. Mpalestina akioana na Mlebanon inakuwaje?

Inategemea nani ni mwanamume. Mpalestina mwanamke aliyeolewa na Mlebanon anaweza kupata uraia mwaka mmoja baada ya ndoa kusajiliwa, na watoto ni Walebanon. Mwanamke wa Kilebanon aliyeolewa na Mpalestina hawezi kumpa mume wala watoto wake uraia. Watoto hao, ambao mama yao anapiga kura Lebanon, hufungiwa kazi na nyumba kama ilivyoelezwa katika maswali ya 7 na 8.

10. Wanasafiri kwa pasipoti gani?

Lebanon huwapa hati ya kusafiria ya mkimbizi wa Kipalestina, na nyumbani wanatumia kitambulisho maalumu cha rangi ya buluu. Hati hiyo ipo, ila balozi nyingi huitazama kwa shaka, na viza hupatikana kwa tabu.

## Maisha ya kila siku

11. Hali ya maji, umeme na nyumba ikoje?

Mipaka ya kambi imebaki ile ile iliyokodishwa miaka ya 1940 na 1950, huku watu wakiongezeka mara nyingi. Kwa kuwa hakuna pa kutanukia, nyumba zimepanda juu, na ghorofa za nne na tano zimekalia kuta zilizojengwa kubeba paa la bati. Katika kambi za kusini, kuingiza saruji au nondo kunahitaji kibali cha jeshi. Mtu anaweza kukaa chini ya dari linalomwagika vipande akisubiri ruhusa ya mifuko michache ya saruji.

Nyaya za umeme na mabomba ya maji vimesukwa pamoja juu ya vichochoro, mahali pengine chini ya kimo cha mtu. Msimu wa mvua watu hupigwa shoti, na katika Burj al-Barajneh wamekufa kadhaa kwa namna hiyo, wakiwemo vijana waliokuwa wanapita tu. Sioni hii kuwa ajali. Kila mkazi wa kambi anaijua hatari hiyo na kila ofisi inayohusika imeambiwa.

Maji ya bomba katika kambi za Beirut ni ya chumvi, kwa sababu visima viko karibu na bahari. Huoga hayo, hufulia hayo, na ya kunywa hununuliwa kwa madumu. Umeme wa serikali ukikatika, na hukatika sehemu kubwa ya siku, mwenye fedha hujiunga na jenereta ya mtaa kwa malipo ya kila mwezi.

12. Watoto wanasoma wapi, na wagonjwa wanatibiwa wapi?

Shule nyingi wanazosoma ni za UNRWA. Lebanon ndiyo nchi pekee ambako UNRWA inaendesha pia shule za sekondari ya juu, kwa kuwa kuingia shule za serikali ni shida na za binafsi ni ghali. Lipo pia chuo cha ufundi cha Siblin. Walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, na hamu ya kusoma ni kubwa. Inapopungua, sababu yake ni swali la 7. Kijana anayemwona kaka yake mhandisi akibeba zege huanza kujiuliza shule itamfaa nini.

Kliniki za UNRWA hutibu bure magonjwa ya kawaida. Shida huanza kwenye upasuaji, saratani au figo. UNRWA hulipa sehemu ya gharama, na familia hubaki kutafuta salio. Hospitali za Hilali Nyekundu ya Palestina, kama Haifa iliyoko Burj al-Barajneh, zinasaidia kadiri zinavyoweza.

Yote haya hutegemea michango ya hiari ya nchi wahisani. Marekani ilipokata fedha mwaka 2018, na wafadhili kadhaa waliposimamisha michango Januari 2024, mzigo ulimshukia mama aliyekwenda kliniki kuchukua dawa ya kisukari.

13. Nani anasimamia usalama kambini?

Makubaliano ya Cairo ya 1969 yaliipa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, mamlaka ndani ya kambi. Bunge la Lebanon liliyafuta mwaka 1987, lakini mazoea yakabaki: jeshi hukaa kwenye vizuizi vya nje, na ndani kuna kamati za wananchi pamoja na makundi yenye silaha. Raia wa kawaida ndiye anayeumia makundi hayo yanapogombana. Mapigano ya Ain al-Hilweh kati ya Julai na Septemba 2023 yaliharibu shule za UNRWA na kuwachelewesha masomo karibu watoto 6,000. Agosti 2025 baadhi ya silaha zilianza kukabidhiwa kwa jeshi, kuanzia Burj al-Barajneh.

Anayeuliza kwa nini wengine wanasita kuachia silaha akumbuke Septemba 1982. PLO ilikuwa imeshaondoka Beirut, wakazi wakabaki bila ulinzi. Tangu tarehe 16 hadi 18 wanamgambo wa Kifalanji, wa chama cha Wakristo wa Lebanon, waliwachinja watu wa Sabra na Shatila huku jeshi la Israeli likiwa limelizingira eneo hilo. Makadirio ya waliouawa huanzia mamia kadhaa hadi zaidi ya 3,000. Miaka mitatu baadaye vikaja vita vya kambi, ambapo Shatila na nyinginezo zilizingirwa na wanamgambo wa Amal, chama cha Washia wa Lebanon, mpaka chakula kikaisha.

14. Kuanguka kwa uchumi wa Lebanon kumewagusaje?

Tangu 2019 lira imepoteza zaidi ya asilimia 90 ya thamani yake. Dola moja ilikuwa lira 1,507. Sasa ni karibu 89,500. Wapalestina walikuwa wanalipwa kwa lira, kwa siku, bila mkataba, kwa hiyo waliporomoka mapema na wakaanguka mbali zaidi. UNRWA ilieleza mwaka 2023 kwamba asilimia 80 yao wako chini ya mstari wa umaskini. Kijana mwenye jamaa Ulaya huishi kwa kutumiwa fedha. Asiye naye hutafuta boti, na boti zilizozama nje ya Tripoli na pwani ya Syria zilibeba Wapalestina, Wasyria na Walebanon pamoja.

## Hali zisizo za kawaida

15. Ni kweli kuna wasio na karatasi kabisa?

Kweli, maelfu kadhaa. Wengi walifika baada ya vita vya 1967 au baada ya PLO kufukuzwa Jordan mwaka 1970, na hawamo katika daftari la UNRWA la Lebanon wala la serikali. Mtu wa namna hii hawezi kusajili ndoa wala mtoto kwa njia ya kawaida, na kizuizi cha polisi barabarani kinatosha kumlaza mahabusu. Kutokuwa na karatasi hurithiwa kutoka kwa baba. Mwaka 2008 serikali ilianza kuwapa vitambulisho vya muda, zoezi likakwama.

16. Na Wapalestina waliotoka Syria?

Hao wamekimbia mara mbili. Syria ilikuwa imewapa haki karibu sawa na raia, ikiwemo ya kufanya kazi, kwa sheria namba 260 ya mwaka 1956. Vita vilipozikumba kambi kama Yarmouk, makumi ya maelfu waliingia Lebanon, na kuanzia 2014 mpaka ukabanwa. Walitoka mahali walipokuwa walimu na madaktari wakaingia katika sheria za swali la 7, tena wakiwa na vibali vya kukaa vya kuhuishwa kila mara.

17. Nini kilitokea Nahr al-Bared?

Mei 2007 jeshi la Lebanon lilianza kupigana na kundi la Fatah al-Islam lililojichimbia katika kambi hiyo karibu na Tripoli. Mapigano yalikwisha Septemba. Kambi ya zamani ilikuwa kifusi na watu wapatao 27,000 hawana makazi. Kundi hilo halikuwa lao, lakini waliolipa kwa nyumba zao ni wao. Ujenzi mpya umekwenda kwa mwendo wa kinyonga, hatua kwa hatua kadiri fedha za wahisani zilivyopatikana, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekua akisubiri.

18. Kambini wanaishi Wapalestina peke yao?

Si tena. Kodi ya chumba Shatila ni nafuu, kwa hiyo wamo Wasyria wengi, Walebanon maskini, na wahamiaji wa kazi kutoka Bangladesh, Ethiopia na kwingineko Afrika. Dada zetu waliokwenda Beirut kufanya kazi za ndani na wakatoroka waajiri wakatili, baadhi yao wamepata hifadhi katika vichochoro vya namna hii.

19. Wakipewa haki ya kazi na nyumba, hawatasahau kurudi kwao?

Hoja hii hutolewa na wanasiasa wa Lebanon, na nasikitika kuwasikia hata wapenzi wa Palestina wakiikariri. Jibu lake liko Jordan. Huko walio wengi wana uraia na pasipoti, wanamiliki majumba na maduka, na bado zaidi ya milioni 2 wameandikishwa UNRWA na azimio 194 linawahusu. Waliotoka Gaza mwaka 1967 hawakupewa uraia huo huo wa Jordan. Wanaishi kwa dhiki katika kambi kama Jerash, na sijaona aliyesema dhiki hiyo imewasogeza karibu na Gaza. Mtu mwenye kazi anaweza kumlipia wakili, kumsomesha mtoto, kuhifadhi hati za babu yake. Njaa haimkumbushi mtu kwao.

20. Nikitaka kutoa zaka au msaada, nifanye nini?

UNRWA inapokea zaka na sadaka moja kwa moja. Yapo pia mashirika ya wenyewe, kama Beit Atfal Assumoud, lililoanza mwaka 1976 kuwalea mayatima wa Tal al-Zaatar. Usitume fedha kwa namba ya simu iliyosambazwa WhatsApp na mtu usiyemjua, hata picha iwe ya kuliza namna gani.

21. Wakiruhusiwa leo, wangerudi wapi?

Vijiji zaidi ya 400 viliachwa bila wenyewe, na vingi vilibomolewa. Saffuriya, karibu na Nazareti, leo ina makazi ya Waisraeli na hifadhi ya mambo ya kale. Lakini ukiingia Ain al-Hilweh ukamwuliza mtoto anakaa wapi, atakutajia mtaa wa Saffuriya, au Lubya, au Hittin, kwa maana watu walipofika walijipanga kwa vijiji vyao, jirani na jirani yule yule. Nahr al-Bared ilipochorwa upya baada ya 2007, wakazi walishikilia kwamba mitaa ya vijiji irudishwe kila mmoja mahali pake.

Kutoka Ain al-Hilweh hadi Saffuriya ni chini ya kilomita 100. Kambi ya Rashidieh, kusini mwa Tyre, iko chini ya kilomita 20 kutoka mpakani, na wazee wake wamezeeka wakitazama vilima vya upande wa pili.